Nyumba ya Rietveld Schröder, Utrecht: tathmini ya ziara

Anayefika Prins Hendriklaan nambari 50 mjini Utrecht, Uholanzi, akiwa na picha za vitabuni kichwani, kwanza atashangazwa na udogo wa nyumba yenyewe. Imejibanza mwishoni mwa safu ya nyumba za matofali za kawaida kabisa, ukuta wake mmoja umeungana na wa jirani, na mbele yake imepita barabara kuu iliyojengwa miaka ya 1960, ambayo magari yake hayapumziki. Nyumba ilipokamilika mwaka 1924, hapo palikuwa ukingoni mwa mji na madirisha yalitazama mashamba tambarare hadi upeo wa macho. Mandhari hayo hayapo tena, na ni hasara kubwa, kwa kuwa ghorofa nzima ya juu ilipangwa kwa ajili yake.

Kwa nje, kuta nyeupe na za kijivu zinapishana kana kwamba hazikugusana, huku nguzo na boriti nyembamba zikiwa zimepakwa nyekundu, buluu, manjano na nyeusi. Ndiyo lugha ya De Stijl, kundi la wasanii na wasanifu wa Kiholanzi lililokusanyika kuanzia mwaka 1917 kuzunguka jarida la jina hilo lililoasisiwa na Theo van Doesburg, na ambalo lilikataa mapambo na kubakiza mistari iliyonyooka, pembe mraba na rangi za msingi. Wengi huisifu nyumba hii kuwa ni mchoro wa Mondrian, mchoraji maarufu wa kundi hilo, uliosimamishwa wima. Sifa hiyo naiona inapotosha. Mondrian hakuwa na mkono katika nyumba hii. Aliyeichora ni Gerrit Rietveld, fundi samani na mtoto wa fundi samani, akishirikiana bega kwa bega na mwenye nyumba, Truus Schröder, aliyefiwa na mumewe mwaka 1923 na kuachwa na watoto watatu. Ndani ya nyumba, hoja yangu inajidhihirisha yenyewe: karibu kila mstari una kazi ya kufanya.

Ghorofa ya chini haina makubwa. Vyumba vyake vina kuta za kudumu, jiko likiwa huko, maana kanuni za ujenzi zilidai hivyo. Ghorofa ya juu, kwa ujanja, iliandikwa kwenye michoro ya kibali kuwa ni dari tu, yaani nafasi tupu chini ya paa, ili isibanwe na kanuni hizo. Na huko juu ndiko penye thamani ya tiketi. Mwongozaji anapovuta mbao za kuta kwenye reli zake, moja baada ya nyingine, ukumbi mmoja mpana wenye mwanga kila upande unageuka kuwa vyumba vya kulala vya watoto na sebule, kila kimoja na mlango wake. Sakafu nayo imegawanywa katika mistatili ya nyekundu, nyeusi, nyeupe na kijivu. Kisha anafungua madirisha mawili yanayokutana pembeni, na kwa kuwa hakuna nguzo kati yake, pembe ya nyumba inatoweka kabisa na unajikuta umesimama karibu nje. Nimesoma maelezo mengi kuhusu dirisha hilo. Hakuna hata moja linalokaribia kuliona likifunguliwa. Ipo pia lifti ndogo ya kupandishia chakula kutoka jikoni, na mlangoni bomba la kuzungumzia na aliye juu.

Kasoro zipo. Faragha ni haba: ukuta wa kuvutwa hauzuii kikohozi. Kiti maarufu chekundu na buluu cha Rietveld kinapendeza macho kuliko mgongo. Tena wanaotarajia ustadi wa zege wataduwaa, kwani zege limo kwenye msingi na roshani tu. Kuta ni za matofali yaliyopigwa lipu. Hata hivyo Bi Schröder aliishi humo hadi alipofariki mwaka 1985, na Rietveld mwenyewe alihamia baada ya kufiwa na mkewe, akakaa hadi kifo chake mwaka 1964. Sidhani kama watu wawili wangevumilia miaka hiyo yote ndani ya sanamu.

Nyumba, ambayo UNESCO iliiorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2000, inatunzwa na Centraal Museum, jumba la makumbusho la mjini Utrecht. Wageni huingizwa kwa makundi madogo na kwa saa maalumu, hivyo tiketi ikatwe mapema. Asiyependa kuongozwa atajisikia kubanwa, ila bila mwongozaji kuta hazisogei. Ningeshauri uanzie Centraal Museum penyewe, penye samani nyingi za Rietveld, ili ukifika nyumbani hapo uone jinsi viungio vya kiti vilivyokuzwa vikawa jengo. Ukimaliza, vuka upande wa pili wa barabara kuu hadi Erasmuslaan, penye safu ya nyumba ambazo Rietveld na Bi Schröder walizibuni miaka michache baadaye: rangi zimepungua, madirisha yameongezeka.