Agoni ya mafundi wa kuchomelea: nyota nne, ya tano imevujia kwenye valvu

Nimechukua mtungi wa agoni, gesi isiyoungana na kitu kirahisi, duka moja la gesi za kuchomelea huku Barabara ya Nyerere, jina naliacha, mbele mtaelewa. Mimi si fundi, nasimamia madogo watatu wa mwaka wa tatu wa kemia, projekti yao ni kuwinda benzaini, molekuli ya pete ya kaboni isiyotulia (si benzini ya kawaida). Hiyo inazaliwa katikati ya riaksheni na kufa hapohapo, kwenye chupa huiweki, unaitegea tu: magnesiamu inaingia pale penye bromini ya bromofluorobenzini (pete ya benzini yenye bromini na florini), halafu inaondoka na florini ya jirani, benzaini inabaki, na anthrasini, kampaundi ya kuinasa, ipo humohumo inaisubiri. Ikitoka triptisini, yaani hizo mbili zikiungana, ujue benzaini ilipita. Ni njia ya mkemia Wittig ya 1956, ya zamani ila madogo wanaiweza.

Sasa joto la Dar na huu unyevu, magnesiamu ikishaungana na kaboni haitaki hata tone la maji, ndo maana agoni, nzito kuliko hewa, inalala juu ya THF, kimiminika tunachoyeyushia, kama shuka na kuzuia hewa yenye unyevu. Nikamuuliza muuzaji usafi wa asilimia 99.99 ni wa kweli? Akacheka, "Ticha, mafundi wa aluminiamu wote wanabeba hapa, ingekuwa chafu weldi ingetoka nyeusi wangeshanifuata." Nikanyamaza.

Mtungi wa kwanza ukatutoa machozi. Lita 10, Ijumaa geji inasoma baa 150, Jumatatu asubuhi 20, yaani lita kama 1,300 za gesi zimeenda zake wikendi na hakuna aliyegusa. Dogo mmoja akapaka povu la sabuni kwenye shingo ya valvu, mapovu yakawa yanapanda kama soda. Dukani wakaanza ooh mlifungua wenyewe, mpaka nilipowaonyesha video ndo wakabadilisha, ila bajaji ya kwenda na kurudi juu yetu, hilo bado linaniuma.

Wa pili hauna neno. Tulitia chembe ya iodini kuiamsha magnesiamu, ule ukahawia ukafifia taratibu, mara THF ikaanza kuchemka yenyewe bila hita, madogo wakapiga kelele mpaka chumba cha pili wakaja kuuliza kuna nini. Fuwele nyeupe za triptisini tumepata, chache lakini zipo.

Huduma nzuri, bei ya kawaida, gesi safi. Ukienda beba sabuni na brashi yako, pakaa valvu palepale kaunta kabla hujatoa hela.