Simu ya Kununua kwa Taslimu kwa Msafiri Atokaye Mombasa

Msafiri aendaye Tanga huvuka kivuko cha Likoni, akafuata barabara hadi Lunga Lunga, na akishaingia Horohoro simu yake huanza kutafuta mtandao wa nchi nyingine. Hapo ndipo hubainika kama aliinunua vyema. Kwa sababu hiyo, mpangilio huu wa aina nne za simu, kuanzia ile bora, haujali uzuri wa kamera, bali unauliza mambo mawili: je, simu ni yako kikamilifu, na je, itapokea laini ya ugenini bila kuitoa ya nyumbani?

Nafasi ya kwanza naipa simu mpya ya laini mbili, hata iwe ya bei ya chini. Laini ya Kenya hubaki mahali pake ikipokea ujumbe wa benki na wa M-Pesa, ilhali ya Tanzania hukupa intaneti kwa bei ya wenyeji, mradi umekumbuka kuzima data kwenye ile ya Kenya. Usajili wa laini huko hufanywa kwa alama za vidole, na mgeni hutakiwa kuonyesha pasipoti. Kagua pia kijisahani cha kadi, kwani katika simu nyingine nafasi ya laini ya pili ndiyo hiyo hiyo ya kadi ya kumbukumbu, na huwezi kutumia zote mbili. Kabla ya kulipa, bonyeza *#06# na ulinganishe nambari za IMEI (za utambulisho wa simu) zitakazotokea na zile za kwenye kasha na risiti.

Ya pili ni simu ya mtumba kutoka ng'ambo. Huwa nzuri kwa bei yake, lakini nyingine zimefungwa kwa kampuni ya huko zilikotoka; basi nenda Digo Road au Moi Avenue ukiwa na laini za kampuni mbili tofauti, na kila moja uipigie simu papo hapo dukani. iPhone zilizouzwa Marekani kuanzia iPhone 14 ya mwaka 2022 hazina tundu la kadi kabisa, hivyo laini ya kadi uliyoinunua kibandani Tanga haitakufaa kitu.

Kabambe, yaani simu ndogo ya vitufe, ni ya tatu, na ningeipandisha kama si kukosa WhatsApp. Hukaa na chaji siku kadhaa, hivyo inafaa kuwa simu ya pili mkobani.

Ya mwisho, kwa msafiri, ni simu ya lipa mdogo mdogo, yaani ya kulipia kwa awamu. Programu iliyomo ndani huifunga malipo yakichelewa, na malipo hayo hutegemea laini ya Kenya, ambayo pengine umeichomoa. Ikiwa tayari unayo, maliza deni na uhakikishe kufuli limeondolewa kabla ya kukata tiketi Mwembe Tayari.