Baiskeli Lushoto: msitu wa Magamba au njia ya Mtae?

Magamba iko jirani na Lushoto mjini, kwenye milima ya Usambara, Tanzania, lakini ukaribu usikudanganye. Ndani ya msitu ni mizizi, matope na majani mabichi yanayoteleza kama sabuni. Mara ya kwanza nilishuka nikaikokota baiskeli, mbega wakinitazama toka juu. Masika yakianza, achana nako.

Kijiji cha Mtae ni habari nyingine: takribani kilomita 60 toka Lushoto, za vumbi, kona na vilima visivyoisha, watoto wakikukimbiza kila kijiji. Ukifika, mlima unakatika ghafla, tambarare za Mkomazi ziko chini yako. Mwenye siku moja tu namshauri Magamba. Wa Mtae alale hukohuko, abebe pampu na viraka. Fundi ukimpata njiani, bahati yako.