Saratani ya ovari ikirudi: karboplatini tena, au paklitakseli ya kila wiki?

Swali la kwanza pale hospitali ya Bugando, Mwanza, huwa ni la tarehe: dripu ya mwisho ya karboplatini, dawa ya kemo yenye platinamu, ilikuwa lini? Kama imepita miezi 6 au zaidi kabla ugonjwa haujarudi, karboplatini kwa kawaida bado ina nguvu, na mimi ningeirudia, pamoja na dawa ya pili. Hutolewa kila baada ya wiki 3 au 4, hivyo anayevuka ziwa kutoka kisiwa cha Ukerewe anapata kupumua. Ila aliyekwisha kuipata mara nyingi anaweza kupata mzio, viganja vikaanza kuwasha dripu ikiendelea. Amwambie nesi hapo hapo.

Ugonjwa ukirudi kabla ya miezi 6, mambo ni mengine. Seli zimejua kukarabati DNA iliyoharibiwa na platinamu, au kuitema dawa nje. Paklitakseli, kemo isiyo na platinamu, hupita njia nyingine: huikwamisha seli inapogawanyika. Katika utafiti wa AURELIA wa 2014, kuongeza bevasizumabu (dawa inayozuia uvimbe kujitengenezea mishipa ya damu) kwenye kemo, ikiwemo paklitakseli hii, kulisogeza muda wa ugonjwa kutulia kutoka miezi 3.4 hadi 6.7. Lakini paklitakseli hii ni kila wiki, jamani! Nauli ya kivuko, halafu vidole vinakufa ganzi hadi kupaa sato inakuwa kazi.