Mashine ya mkate usio na gluteni: niliyochagua na kwa nini

Ukitafuta mashine ya kuoka mkate usio na gluteni, usianze na bei wala ukubwa. Uliza kwanza inaufanyia nini ule unga baada ya kuuchanganya. Mashine nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya ngano: zinakanda, zinaacha unga uumuke, zinaukanda tena kuutoa hewa, zinauacha uumuke mara ya pili, ndipo zinaoka. Ngano inastahimili yote hayo kwa sababu gluteni, protini iliyomo ndani yake, inavutika na kushika hewa upya. Unga wa mchele au wa mtama hauwezi. Ukishaumuka ukapondwa, hauinuki tena, na mkate unatoka umebonyea juu, mzito, mbichi katikati.

Sisi wa Pwani hatuhitaji kufundishwa hili, maana mkate wa kumimina tumeula tangu utotoni. Mchele unarowekwa usiku kucha, unasagwa na tui la nazi, unatiwa hamira, sukari na iliki, na unaachwa uumuke. Kisha unamiminwa kwenye sufuria yenye samli, moto chini na makaa juu ya kifuniko. Hakuna kukanda hata mara moja. Nilipokuwa nikisoma vijitabu vya maelezo ya mashine, hicho ndicho kipimo nilichokitumia: hii inajua kuoka mkate wa kumimina, au inajua ngano tu?

Nimelichukulia jambo hili kwa uzito kwa sababu ya binti yangu. Ana ugonjwa wa siliaki. Akila ngano, shayiri au rai, ambazo zote zina gluteni, kinga ya mwili wake inashambulia utumbo wake mdogo, na dawa iliyopo ni kuziacha nafaka hizo maisha yake yote. Mkate wa kumimina na vitumbua vya mchele anavipenda, lakini ni vitamu. Alichokitaka ni mkate wa kawaida wa kukata slesi, wa kutia yai au siagi ya njugu na kubeba shuleni kama wenzake. Mikate isiyo na gluteni inayokuja kutoka nje madukani hapa Mombasa ni midogo, ghali, na siku nyingine haipo kabisa.

Kabla ya kununua niliomba nijaribu mashine ya jirani, ambayo ina programu za ngano peke yake. Mkate huo tuliula watu wazima. Binti yangu hakuugusa, kwa kuwa ile sufuria ilikuwa imeshapika ngano miaka mingi. Uliumuka vizuri, nikauona kwa macho yangu kupitia kidirisha, halafu padeli, kile kipande cha kukandia, ikaanza kuzunguka tena na mkate ukashuka wote. Jaribio la pili nililichomoa kwenye umeme mapema na kuwasha programu ya kuoka tu. Ukatoka mkate wa maana. Basi nikajua ninachokitafuta: ama programu maalumu ya mkate usio na gluteni, inayochanganya mara moja, kuumua mara moja na kuoka, ama mashine inayokuruhusu kupanga mwenyewe dakika za kila hatua. Na katika hali zote mbili, iwe na programu ya kuoka peke yake, maana hiyo itakuokoa siku mkate ukihitaji dakika kumi zaidi.

Zilibaki mashine mbili. Zojirushi BB-PDC20 inasifiwa sana Marekani, na sifa zake nazielewa: sufuria yake imelala kama tini ya mkate, ina padeli mbili, ina kipashajoto kwenye kifuniko kinachosaidia juu kupata rangi, ina programu ya bila gluteni na nafasi za kuhifadhi mipangilio yako mwenyewe. Lakini ni ya volti 120. Umeme wetu ni volti 240, kwa hiyo ungehitaji transfoma ya kushusha umeme yenye nguvu ya kubeba wati 700 bila kuchoka. Gharama nyingine, kitu kingine cha kuharibika. Ukiwa unaishi Marekani au Kanada, nunua hiyo bila kusita. Mimi nilichukua Panasonic SD-YR2550, inayouzwa Uingereza na Ulaya. Plagi ya Uingereza ya miguu mitatu inaingia moja kwa moja kwenye soketi zetu, na dada yangu anayeishi kule aliniletea alipokuja likizo.

Imeniridhisha. Programu yake ya mkate usio na gluteni haifiki saa mbili, wakati mkate wa kawaida wa ngano kwenye mashine hiyohiyo unachukua kama saa nne. Sufuria yake imesimama wima, kwa hiyo mkate unakuwa mrefu na slesi zake ni za mraba. Ina padeli moja, nayo huacha tundu chini ya mkate. Mashine nyingi za aina hii ni hivyo, na slesi mbili tatu za chini ndizo zinazopata alama. Dakika za mwanzo lazima uwe karibu. Unga usio na gluteni ni uji mzito unaonata, unang'ang'ania pembeni, kwa hiyo nafungua kifuniko na kuukwangua kwa mwiko wa mpira, kisha nasawazisha juu kwa mkono uliolowa maji. Usipousawazisha, mkate utaoka na vilima vyake vilevile.

Vipimo ninavyovitumia sasa ni hivi: unga wa mchele gramu 200, unga wa mtama mweupe gramu 100, wanga wa muhogo gramu 100, isabgol (maganda ya mbegu za psyllium) gramu 20, hamira kavu gramu 7, chumvi gramu 8, sukari gramu 20, mayai mawili, mafuta mililita 30, kijiko kidogo cha siki na maji mililita 360. Isabgol ndiyo inayoshika nafasi ya gluteni; inafyonza maji na kuufanya uji uvutike kidogo. Utaipata kwenye maduka ya dawa na kwa wauza viungo. Pima kwa mizani, si kwa kikombe, kwa sababu kikombe cha unga wa muhogo na kikombe cha unga wa mtama havina uzito mmoja. Maji yawe ya kawaida au baridi. Vitabu vya Ulaya husema maji ya uvuguvugu, lakini kwa joto letu hamira itawahi na mkate utashuka kabla haujaiva.

Kutambua umeiva natumia kipimajoto cha jikoni: katikati ukifika nyuzi 96 hadi 98 za Selsiasi, tayari. Toa kwenye sufuria mara moja, uweke juu ya waya, na usikate mpaka upoe kabisa. Ukikatwa moto, ndani unanata kama haujaiva. Siku ya pili huanza kukauka, kwa hiyo naukata wote na kuuweka kwenye friza, asubuhi natoa slesi na kuzichoma.

Umeme ukikatika, mashine nzuri hukumbuka ilipofika iwapo utarudi ndani ya dakika kumi hivi. Ukizidi hapo, mimina uji kwenye tini na uoke kwenye jiko la gesi au la makaa. Saa ya kuchelewesha siitumii. Mayai hayawezi kukaa usiku kucha katika joto la Mombasa.

La muhimu kuliko yote kwa mwenye siliaki ni usafi wa unga wenyewe. Kiwango cha kimataifa cha Codex kwa chakula kinachoitwa "bila gluteni" ni kisichozidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo moja. Ni kidogo mno. Kinu cha posho kilichotoka kusaga ngano ya jirani kitakupitisha kiwango hicho bila wewe kuona chochote. Mimi naosha mchele na mtama, naanika, nasaga nyumbani kwa blenda isiyojua ngano. Kwa sababu hiyohiyo usinunue mashine iliyotumika, hata ikiwa imeng'arishwa vipi, maana mikwaruzo ya sufuria na shina la padeli havisafishiki kikamilifu. Na ikishaingia nyumbani, wote wajue kwamba hiyo haipiki ngano, hata siku ya wageni.

Ukiagiza kutoka nje, agiza na padeli ya akiba pamoja na pete ya mpira ya sufuria katika mzigo uleule. Hapa mjini nimezitafuta, sijazipata, na kuzisafirisha peke yake baadaye kunagharimu zaidi ya bei yake.