Nyaraka za Mkataba wa Ireland mtandaoni: uzoefu wangu na difp.ie

Ukitaka kuona mgawanyiko wa Ireland ulivyojadiliwa mezani, fungua juzuu ya kwanza ya Documents on Irish Foreign Policy (1919–1922), mkusanyo wa hati za sera ya nje ya Ireland. Iko difp.ie, bure. Mimi huitumia kwa mazungumzo ya Mkataba kati ya wajumbe wa Ireland na serikali ya Uingereza huko London, yaliyoanza 11 Oktoba 1921 hadi saini za usiku wa kuamkia 6 Desemba.

Usiisome kwa mfululizo. Anza na hati mbili za 7 Oktoba. Ya kwanza inawapa wajumbe wa Ireland, yaani Griffith, Collins na wenzao watatu, mamlaka ya kujadili na kuhitimisha. Ya pili inawataka wapeleke rasimu kamili kwa baraza lao la mawaziri Dublin na kusubiri jibu kabla ya kusaini. Haziendani, na ugomvi wa nani alikuwa na haki ya kutia saini ulizaliwa hapo.

Kisha ruka hadi namba 214, Mkataba wenyewe. Ibara ya 12 isome neno kwa neno. Bunge la Belfast, yaani la Ireland ya Kaskazini, linapewa mwezi mmoja wa kujitoa katika dola mpya ya Ireland. Likijitoa, tume ya watu watatu itapanga mpaka kwa matakwa ya wakazi, kwa kadiri yanavyopatana na hali ya uchumi na jiografia. Basi. Hakuna kura ya maoni, hakuna muda wa kumaliza kazi, wala haisemwi matakwa yapimwe kwa kaunti au kwa kijiji. Upande wa Dublin ulitarajia kupata kaunti za Fermanagh na Tyrone za kaskazini. Mwenyekiti wa tume, Feetham, akaegemea lile sharti la mwishoni la uchumi na jiografia, na mwaka 1925 mpaka ukabaki palepale.

Kwenye kisanduku cha kutafutia, andika "Ulster", maana ndilo jina la kaskazini katika barua za wajumbe. Baada ya 24 Oktoba vikao vya wajumbe wote vilikoma, wakawa wanakutana wachache wachache. Hapo utegemee barua za Griffith kwa de Valera, kiongozi wao aliyebaki Dublin, ukikumbuka ni upande mmoja unaosimulia. Kumbukumbu za baraza la mawaziri la Uingereza ziko kwenye hifadhi ya nyaraka za taifa, Kew, London.

Nyota nne. Ya tano ningeitoa kama mijadala ya Dáil, bunge la Ireland, ingekuwa humohumo; kwa sasa inabidi uende oireachtas.ie. Kura ya 7 Januari 1922 ya kuuidhinisha Mkataba ilikuwa 64 kwa 57, na ukipitia hotuba zake utakuta kiapo kwa Mfalme wa Uingereza kimejaa kila mahali, huku suala la mpaka wa kaskazini likigusiwa kwa nadra.