Doubt: mtafsiri kamhukumu padri kabla muvi haijaanza

Nina hasira bado. Juzijuzi nilipeleka flashi kwa kijana mmoja anayerusha muvi hapa Ngamiani, nikamwambia nataka Doubt, yaani Shaka, ile muvi ya Meryl Streep, iliyotafsiriwa. Mimi nilishaiona zamani kwa Kiingereza. Hii nilitaka nikae na mama tuiangalie, maana yeye kalelewa shule ya masista.

Hata dakika kumi hazijafika. Padri Flynn yuko mimbarini, hajamgusa mtu, anawauliza waumini mtu afanye nini asipokuwa na hakika. Mtafsiri akapaza sauti: "Mwangalieni vizuri, huyu ndiye mbaya wetu!" Mama akaguna, "Kumbe." Pale pale muvi ilishakufa.

Maana utamu wake wote uko kwenye kutojua. Ni mwaka 1964, shule ya parokia huko Bronx, New York. Sista Aloysius, mwalimu mkuu, anamshuku padri kwamba anamharibu Donald, mtoto pekee mweusi pale shuleni. Ana nini mkononi? Mtoto kaitwa kwa padri, karudi ananuka divai. Padri anajieleza na maelezo yake yanaingia akilini, lakini moyo wa sista haukubali. Kila nilipoiangalia nilihama upande, leo kwa sista, kesho kwa padri. Mama hakupewa nafasi hiyo hata mara moja.

Mwisho ndio ulionichoma. Sista kamtisha padri kwa uongo hadi kaondoka, na huko alikokwenda kapandishwa cheo. Sasa sista kakaa kwenye benchi, baridi ya theluji, analia kwamba ana shaka, shaka kubwa. Ndiyo maneno yake! Mtafsiri akasema: "Analia kwa furaha, kamshinda!" Kisha akaanza kutangaza muvi zake nyingine juu ya kilio kile.

Nikarudi dukani. Kijana hata macho hakuyatoa kwenye kompyuta, shikamoo hakuna. "Mgosi, watu wanataka kumjua mbaya. Nikikupa isiyo na jibu, kesho unakuja kunidai mia tano yako." Mtu wa umri wa baba yake!

Nilikusudia kuandika kwamba nakala hii msiiguse kabisa. Nashindwa, kwa sababu ya mama. Viola Davis, aliyecheza kama mama yake Donald, ana mazungumzo ya maana mara moja tu, anatembea nje na sista, na kwa hayo peke yake akateuliwa kuwania Oscar. Anaomba mwanawe aachwe mpaka Juni amalize shule. Nyumbani baba anampiga, na padri ndiye mtu mzima anayemjali. Hapo mtafsiri, labda naye kaguswa, aliacha mbwembwe akatafsiri taratibu, sentensi kwa sentensi. Mama akavua miwani akajifuta macho. Kiingereza hajui. Bila huyo huyo ninayemlaani asingemsikia yule mwanamke.

Kwa kipande kile namshukuru, kwa moyo wote. Kwa ule mwisho simsamehi.

Usiku ule nilimweleza mama kwamba sista hakulia kwa furaha, na kwamba muvi yenyewe haisemi kama padri alifanya au hakufanya. Alinyamaza kitambo kirefu.

"Na yule mtoto," akaniuliza, "wamemwacha na nani?"